Lous alizaliwa hapa Lubumbashi: nini hasa kilimfikisha pale alipo?

#1 Nyota ya Ruashi
Jambo wote. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 20, yuko mwaka wa pili UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi. Anatunga nyimbo mwenyewe kwa gitaa na anazirekodi kwa simu usiku, kelele za mtaa zikishapungua. Sauti anayo, maneno anayo, na hilo silisemi kwa sababu ni damu yangu. Juzi tuko mezani, bukari (ugali wetu) bado inafuka, akasema anaacha masomo. Baba akamwuliza kisa ni nini. Akajibu: "Lous naye aliacha."

Anamsema mwimbaji Lous and the Yakuza, jina la nyumbani Marie-Pierra Kakoma, aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi Mei 1996. Baba hamjui, mama hamjui, mimi namjua nusu nusu. Wanaomjua wanieleze: nini kilimtoa? Kipaji? Kuacha chuo? Bahati? Ulaya? Jumapili tunakaa tena mezani na nataka niwe na neno la kumwambia yule mtoto. Baba anajua kupiga kelele tu.

#2 Kijana wa Katuba
Yaya, ule ni mutoto wetu kabisa! Alikomalia hapa mpaka miaka 15, aliimbaka kanisani, kisha njo akaenda Ubelgiji na kipaji chake tayari mkononi. Mwache mdogo wako aimbe. Lubumbashi inazaa, Ulaya inavuna.

#3 Niko Liège
Ndugu wa Katuba, hapana. Hiyo 15 umeichukua mahali pengine pa hadithi. Lubumbashi alitoka mwaka 2000 na miaka minne tu. Akakaa Ubelgiji, halafu mwaka 2005 familia ikahamia Rwanda, na kutoka Rwanda ndipo aliporudi Ubelgiji akiwa na miaka 15. Akawekwa shule ya bweni huko Namur, akaanza falsafa chuo kikuu hapo hapo Namur, akaacha kwa ajili ya muziki.

Kwa hiyo ukihesabu, Lubumbashi ilimpa miaka minne. Namwita wetu na mimi, lakini tusimpakie utoto ambao hakuuishi.

#4 Binti Ibanda
Salamu kutoka Bukavu. Niko Liège amesahau jambo ambalo kwetu huku ndilo la kwanza: kwa nini walitoka. Baba yake ni Mkongo, mama yake Mnyarwanda, wote wawili madaktari. Vita ya pili ya Kongo ilipoanza mwaka 1998 mama alifungwa gerezani kwa sababu ya asili yake ya Kinyarwanda. Alipoachiwa akakimbilia Ubelgiji na mtoto mdogo kabisa. Lous na wengine walibaki na baba mpaka walipomfuata.

Fikirini mtoto wa miaka miwili mpaka minne ambaye mama hayupo, na hakuna anayeweza kumweleza sababu kwa maneno ya mtoto.

#5 Mzee Kafubu
Asante binti yangu wa Ibanda kwa kulisema hilo. Mwaka 1998, mwezi wa nane, nilikuwa na kiduka Kamalondo. Redio ilikuwa inasema maneno mabaya, na watu walianza kutazamana urefu na pua. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, alilala jikoni kwetu siku tisa nyuma ya magunia ya makaa. Mke wangu alikuwa anapika bukari nyingi kuliko kawaida, na alikuwa na hofu kwamba hata wingi wa unga ungetusaliti. Yule mama alitoka salama kupitia njia ya Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Mpaka leo hatujapata habari zake.

Kwa hiyo mimi jibu langu kwa Nyota ni hili: mtoto aliyeona mama akichukuliwa ana kitu cha kuandika. Hiyo ndiyo chemchemi yake. Hayo mengine ni mifereji.

#6 Fundi Gitaa
Heshima kwako mzee, na pole kwa siku hizo. Lakini naomba nipinge. Watoto walioona mama zao wakichukuliwa katika nchi hii ni wengi kupita kiasi. Wangekuwa wote waimbaji kwa sababu ya machungu, tungekuwa na maelfu. Machungu hayafundishi mtu kupanga ubeti wala kutafuta noti.

Watu wamemjua Lous Septemba 2019, wimbo wake "Dilemme" ulipotoka. Lakini kabla ya hapo alikuwa na miaka ya kutoa nyimbo zake mwenyewe mtandaoni, bila kampuni nyuma yake. Alianza kuandika toka mtoto mdogo. Huo ndio utoto wa kisanii wa kuutazama: mtu anamaliza wimbo, anauachia, watu wachache wanasikiliza, anaanza mwingine. Nyota, mwulize mdogo wako swali moja tu. Amemaliza nyimbo ngapi? Nauliza zilizomalizika, zenye mwanzo na mwisho. Zilizoanzwa usinihesabie.

#7 Nyota ya Ruashi
Nimemwuliza sasa hivi kupitia mlango. Kasema zilizoanza ni zaidi ya thelathini. Zilizomalizika nne.

#8 Fundi Gitaa
Nne si mbaya. Lakini mwambie kazi iko kwenye hizo ishirini na sita.

#9 Binti Ibanda
Mimi nina maelezo mengine na sitaki mnielewe vibaya. Nyumba ya madaktari wawili ina vitabu. Ina Kifaransa kilichonyooka. Ina minervali, yaani karo ya shule, inayolipwa kwa wakati. Hata mtoto akigombana na wazazi, kile alichokula kichwani miaka kumi na tano kinabaki. Sikilizeni anavyoandika: sentensi fupi, hakuna neno la kujazia. Huo ni mkono wa mtu aliyesomeshwa.

Nasema hivi kwa sababu dada yangu mkubwa alikuwa na sauti kuliko mimi na wewe na wote humu. Aliacha shule darasa la sita la msingi. Leo anaimba tu anapofua, na majirani wanazima redio wamsikilize. Hajui kuandika ubeti ukakaa. Kila wimbo wake unapotea jioni ile ile.

#10 Kijana wa Katuba
Tantine wa Ibanda, umenigusa. Mrekodi basi! Simu si unayo?

Na wewe Niko Liège nimekubali, nilisoma vibaya. Lakini nilisikia pia kwamba alilala nje, barabarani. Sasa mtoto wa madaktari anafikaje barabarani?

#11 Niko Liège
Hilo ni kweli na amelisema mwenyewe mara nyingi. Alipoacha chuo wazazi hawakuwa pamoja naye katika jambo la muziki. Akaenda Bruxelles na kwa muda akawa hana nyumba. Bruxelles mwezi wa kwanza si mahali pa mtu kukaa nje, mimi baridi yake naijua ndani ya koti.

Wengine hapo watasema: unaona, alijitoa mhanga, akalipwa. Mimi nimekaa huku miaka 17 na nimewaona vijana wetu wa Matonge, mtaa wa Wakongo pale Ixelles, Bruxelles, waliokuwa na gitaa na kipaji na wakakaa nje na hawakurudi. Majina yao hayapo kwenye bango lolote. Mdogo wake Nyota anamwona yule mmoja kwa sababu ndiye aliyebaki wa kuonekana.

#12 Mama wa Kampemba
Naingia kwa sababu mnazungumza barabara na usiku kama vile msichana na mvulana wanatembea barabara moja. Kwenye albamu yake ya kwanza kuna wimbo juu ya ubakaji. Hakuuandika kwa kupamba. Nyota, huyo ni msichana wa miaka 20.

Binti yangu aliitwa studio moja mjini, sitaitaja, "kuja kuwekea sauti". Saa aliyopewa ilikuwa saa tano usiku. Nikasema nitakwenda naye. Nikafika nimebeba sufuria ya sombe (kisamvu) na mikate kama mama anayewaletea vijana chakula. Mwenye studio aliponiona akasema mashine imeharibika, turudi kesho. Kesho hiyo haikufika. Binti akalia wiki nzima kwamba nimemharibia. Sasa anarekodi kwa kijana mwingine, mchana, mlango wazi, mke wa kijana yuko uani anapepeta unga. Kazi inatoka vizuri tu.

Mtu akiniuliza nini kinampandisha msichana mwimbaji, nasema kwanza awepo mtu wa kumsindikiza.

#13 Nyota ya Ruashi
Mama wa Kampemba, hili nimelinakili kwenye karatasi. Asante sana mama.

#14 Mdau wa Kariakoo
Habari za huko wakuu, mimi nafuatilia kutoka Dar. Samahani nachepusha kidogo: hilo "Yakuza" si ndio genge la Japani? Kwa nini binti mzuri ajiite hivyo?

#15 Mwalimu wa Nguba
Karibu ndugu wa Dar. Ndilo neno lenyewe, ila yeye analichukua kwa maana ya walioshindwa. Asili yake, wanasema, ni mchezo wa karata wa Kijapani: ya ni 8, ku ni 9, za ni 3. Ukijumlisha unapata 20, na kwa kuwa tarakimu ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, una sifuri. Mkono usio na thamani. Yeye anapenda mambo ya Japani tangu zamani. Na Lous ni herufi za neno la Kiingereza la roho, "soul", zilizopangwa upya. Kwa hiyo ni roho pamoja na waliotupwa, wale wanaofanya kazi naye. Nadhani si jina la kutisha ukilijua.

Ila nimekuja kusahihisha kitu kikubwa zaidi. Fundi anamsema kama mwimbaji huru, asiye na kampuni nyuma yake. Alikuwa huru, ndiyo, miaka ile ya kutoa vitu peke yake. Lakini "Dilemme" ilitoka chini ya kampuni ya muziki ya Columbia, yaani nyumba ya Sony. Albamu *Gore*, Oktoba 2020, ilitayarishwa na El Guincho, yule Mhispania aliyefanya albamu *El mal querer* ya mwimbaji Rosalía mwaka 2018. Mtayarishaji wa kiwango kile hamwiti mtu kwa kusikia sauti yake dirishani. Kuna kampuni iliyomkaribisha, iliyolipa studio, iliyolipa video. Hapo ndipo penye jibu, kwa maoni yangu: kipaji kilichokutana na fedha mahali ambapo fedha hizo zipo.

#16 Fundi Gitaa
Mwalimu, umesema kweli lakini umeanzia katikati. Kampuni ilisikia nini mpaka ikafungua mlango? Ilisikia zile nyimbo alizotoa peke yake. Uhuru ndio uliomtangaza.

#17 Mwalimu wa Nguba
Na kampuni hiyo ilikuwa mwendo wa treni kutoka alipokuwa. Mtoto wa Ruashi akitoa nyimbo hizo hizo, nani wa Paris atapanda ndege?

#18 Niko Liège
Hapa nawaunga mkono nyote wawili, na niongeze mwanamuziki Baloji. Naye alizaliwa Lubumbashi, 1978, akaletwa Ubelgiji mdogo. Alianza kwenye kundi la rap la Starflam hapa Liège, akaacha muziki, kisha akarudi na albamu *Hotel Impala* baada ya kupata barua ya mama yake aliyepoteana naye tangu utoto. Mama yuko Kongo, mtoto yuko Liège, na kati yao karatasi moja. Albamu nzima ikawa jibu la barua.

Wawili hawa, Lous na Baloji, wote Lubumbashi, wote waliondolewa wakiwa hawajajua kufunga kamba za viatu, wote mama akiwa mbali kwa sehemu ya utoto. Sijui kama hiyo ni sababu. Lakini siwezi kuacha kuiona.

#19 Mzee Kafubu
Ndivyo nilivyosema toka mwanzo.

#20 Kijana wa Katuba
Mzee kashinda! 😄 Lakini hilo jina Baloji, kwetu si linamaanisha walozi?

#21 Mzee Kafubu
Kwa Kiluba ndiyo, walozi wa usiku. Kijana mwenyewe ameeleza kwamba zamani neno lilikuwa la heshima, mtu mwenye elimu ya mambo, na wakoloni na misheni ndio waliolitia giza. Nilimwelewa.

Niwaambie jambo lingine, kwa kuwa mwalimu anasema hakuna wa kupanda ndege kuja Ruashi. Mwaka 1952 mtu alikuja. Hugh Tracey alifika Jadotville, Likasi ya leo, na mashine yake ya kurekodi, akamkuta kijana anaitwa Jean Bosco Mwenda. Gitaa moja, kidole gumba kinapiga besi, cha shahada kinaimba. Wimbo "Masanga" ulitoka hapo ukaenda dunia nzima. Mwaka 1959 Bosco alikuwa Nairobi anapiga, na wapiga gitaa wa Kenya wanamsema mpaka kesho. Naye hakuacha kazi! Alikuwa na ajira yake ya ofisini na biashara yake, gitaa likakaa pembeni ya maisha na bado likamfikisha. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari Zambia.

Nyota, mwambie mdogo wako kuna na mfano huu. Mtu alikaa hapa hapa, akapiga kwa lugha ya hapa hapa.

#22 Binti Ibanda
Mzee, hapo kwenye lugha umefungua kitu. Lous anaimba Kifaransa. Simlaumu, ndiyo lugha aliyokulia. Lakini mdogo wake Nyota anaimba lugha gani?

#23 Nyota ya Ruashi
Nyingi Kifaransa. Moja ya zile nne ni Kiswahili chetu, chenyewe kabisa cha hapa. Inasema juu ya bibi yetu aliyekuwa anauza makala, yaani makaa, ku soko ya Kenya, ule mtaa wetu hapa Lubumbashi, anahesabu pesa gizani kwa kuzigusa. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Yeye anasema hiyo si ya kutoa, ni ya nyumbani.

#24 Fundi Gitaa
Hiyo ndiyo ya kutoa.

#25 Mama wa Kampemba
Hiyo ndiyo ya kutoa, mwanangu. Nimeisoma tu na nimemwona mama yangu.

#26 Kijana wa Birere
Mimi niko Goma. Nimesoma yote. Mnabishana kama ni kampuni au ni machungu, na mimi nawaambia kuna vitu vidogo vinavyoua muziki kabla ya kufika huko. Nilijifunza gitaa Foyer Culturel, kituo cha utamaduni cha hapa, na ndoto yangu ilikuwa jukwaa la Tamasha la Amani pale Collège Mwanga. Nilikuwa natoa nyimbo mwenyewe, napata senti chache kutoka mtandaoni. Tangu Januari 2025 mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, benki zilifungwa, na uwanja wa ndege nao. Mpiga besi wangu alihama. Mpiga ngoma alihama. Nimebaki na gitaa na simu, kwa hiyo nimekuwa mwimbaji huru bila kuchagua.

Naendelea. Mwezi uliopita nimemaliza wimbo mmoja. Sauti ya jenereta ya jirani inasikika nyuma yake na nimeiacha, maana ndiyo sauti ya hapa.

#27 Binti Ibanda
Kaka wa Birere, jirani yangu wa ziwa moja, Mungu akushike. Bukavu tunajua unachosema, mwezi wa pili mwaka huo huo ilikuwa zamu yetu. Weka wimbo hapa.

#28 Mdau wa Kariakoo
Poleni sana ndugu zetu. Weka wimbo tusikie, mkuu.

#29 Mwalimu wa Nguba
Pole kijana. Ushauri wa karatasi, maana ndiyo kazi yangu: kila wimbo unaoumaliza, andika tarehe, maneno yote, na majina ya waliocheza. Kuna SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoanzishwa 2011. Watu wanalilalamikia kwa mengi, lakini bila maandishi huna hata cha kulalamikia. Ubelgiji mtunzi ana SABAM, shirika la aina hiyo hiyo, na wimbo ukipigwa redioni kuna daftari linaloandikwa. Hiyo nayo ni sehemu ya jibu la kwa nini Lous aliweza kuendelea hata mwaka 2020 ambapo ugonjwa ulifunga majukwaa yote. "Dilemme" ilikuwa inazunguka Italia kwa toleo jipya na wasanii wa kule wakati yeye yuko ndani kama sisi wote. Wimbo ulifanya kazi, mtu akiwa amekaa.

#30 Kijana wa Katuba
Mwalimu, kwa hiyo wewe unasema ni makaratasi, Fundi anasema ni kumaliza nyimbo, mzee anasema ni mama, tantine wa Ibanda ni vitabu, Mama wa Kampemba ni kusindikizwa. Nyota Jumapili atasema nini sasa?

#31 Niko Liège
Aseme miaka. 2011 anarudi Ubelgiji, 2019 ndio watu wanamsikia, Novemba 2022 albamu ya pili, *IOTA*. Kati ya shule ya bweni na wimbo wa kwanza wa redioni kuna miaka minane. Mdogo wake akianza kuhesabu leo, mwaka huu wa masomo ni kipande tu cha hiyo minane.

#32 Mzee Kafubu
Lakini asimwambie kama hukumu. Amwulize kwanza ule wimbo wa bibi, auimbe mezani, baba asikie. Baba amesikia neno "naacha". Wimbo hajausikia.

#33 Nyota ya Ruashi
Jambo tena. Ni Jumatatu. Nilifanya alivyosema mzee Kafubu. Mdogo wangu alikataa, akasema hawezi kuimba mbele ya baba. Mama akamwambia imba ukiwa umegeuka, tazama ukuta. Akageuka, akaimba. Umeme ulikatika ubeti wa pili na hakuacha. Gizani hapo, alipofika pale bibi anahesabu pesa kwa kugusa, baba akatoka nje. Tulidhani amekasirika. Alirudi baadaye, macho mekundu, akauliza kwa nini amesema noti za mia mbili, kwa sababu mama yake alikuwa anahesabu za hamsini.

Kuhusu masomo hawajakubaliana. Yeye bado anasema anaacha, baba anasema afanye mitihani kwanza. Nimemwonyesha uzi wote. Amesoma ya Kijana wa Birere mara mbili, na ameomba nimwulize: ile jenereta aliirekodi na gitaa pamoja au ilikuwepo tu?

#34 Kijana wa Birere
Ilikuwepo tu. Nilijaribu kungoja izime, ikafika saa nane usiku bado inanguruma. Mwambie abadilishe ziwe za hamsini.

#35 Nyota ya Ruashi
Amebadilisha tayari. Swali langu la mwisho: kamba ya kwanza ya gitaa lake imekatika jana ile ile. Nani anajua wapi zinauzwa mjini, za kweli, siyo zile zinazokatika siku ya pili?

#36 Fundi Gitaa
Za nailoni au za chuma? Nitumie picha ya gitaa faraghani. Nina pakiti moja haijafunguliwa, njoo na gitaa Kamalondo kesho mchana, na yeye aje, nimwonyeshe kuifunga.

#37 Mama wa Kampemba
Msindikize.